Nani Anajua Kama Dawa Ilichukuliwa?

Mgonjwa wa presha anarudi kliniki baada ya miezi mitatu. Mashine inasoma 170 kwa 100, karibu sawa na siku ya kwanza. Daktari anafungua faili, anaona aliandika kidonge kimoja kila asubuhi, na anakata shauri kwamba kidonge hicho hakitoshi. Anaongeza cha pili. Faili haikumwambia kwamba dawa ile ya kwanza haikuwahi kutoka dukani. Mgonjwa naye hakusema, pengine kwa aibu, pengine kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na sasa anatoka mlangoni na cheti cha dawa mbili badala ya moja. Siku akiamua kuzinunua zote na kuanza kuzimeza kwa pamoja, presha inaweza kuporomoka hadi aanguke.

Mtu angedhani visa vya namna hii ni vya nchi zenye hospitali za makaratasi na bima ya wachache. Lakini mahali vilipochunguzwa kwa kina zaidi ni Marekani na Kanada. Mwaka 2010 Michael Fischer na wenzake wa Boston walichapisha uchunguzi wa vyeti vya dawa 195,930 vilivyoandikwa kwa kompyuta katika jimbo la Massachusetts. Walichukua kila cheti kilichotumwa na daktari, wakakilinganisha na madai ya malipo ambayo maduka ya dawa yalipeleka kwenye bima. Kwa jumla, vyeti 22 kati ya 100 havikuwa na dawa iliyochukuliwa. Kwa dawa ambazo mgonjwa alikuwa anaandikiwa kwa mara ya kwanza, idadi ilipanda hadi 28 kati ya 100, na kwa kisukari ilipita 31. Hawa ni watu waliokuwa na bima.

Miaka minne baadaye Robyn Tamblyn wa Montreal alifuatilia wagonjwa zaidi ya 15,000 wa jimbo la Quebec na kukuta jambo lile lile: karibu theluthi moja ya dawa mpya zilizoandikwa hazikuchukuliwa.

Takwimu hizi zisichanganywe na zile za watu wanaoanza dawa kisha wakachoka nayo njiani. Hao ni kundi jingine, na ni wengi mno: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Wanaozungumziwa hapa ni wale ambao hawakuanza kabisa.

Je, daktari hufuatilia? Kwa kawaida, hapana. Na sababu yake inaonekana vizuri zaidi mtu akisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa la Marekani kuliko akikaa katika chumba cha daktari.

Cheti kinaingia kwenye kompyuta ya duka kabla mgonjwa hajafika kwenye gari lake. Kompyuta inauliza bima, bima inajibu ndani ya sekunde chache: italipa kiasi gani, mgonjwa atoe kiasi gani mfukoni. Msaidizi wa mfamasia anamwaga vidonge kwenye trei, anavihesabu vitano vitano kwa kijiti bapa, anavitia kwenye kichupa, anabandika lebo, na mfamasia anakagua. Kichupa kinaingia kwenye mfuko wa karatasi, mfuko unapangwa kwa herufi ya jina la ukoo, ukisubiri mwenyewe. Ujumbe wa simu unatumwa kumwambia dawa iko tayari. Siku zinapita. Zikifika kama kumi au wiki mbili, kutegemea duka, mfuko unashushwa, dai lililopelekwa kwenye bima linafutwa, na vidonge vinarudi rafuni kumsubiri mteja mwingine.

Hapo pande mbili zinajua kilichotokea. Duka linajua, kwa kuwa limerudisha mzigo. Bima inajua, kwa kuwa imerudishiwa fedha. Daktari aliyeandika cheti hapati hata mstari mmoja.

Si kwamba njia ya kumwarifu haipo. Mfumo wa vyeti vya kielektroniki wa Marekani una aina maalumu ya ujumbe, uliobuniwa miaka mingi iliyopita, ambao duka linaweza kuutuma kwa daktari kusema dawa imechukuliwa, imechukuliwa nusu, au haikuchukuliwa. Haukupata kutumiwa sana. Wenye maduka waliuliza nani atalipia kazi ya kuutuma. Madaktari nao walikuwa na mawili moyoni. La kwanza ni mzigo. Chukua daktari anayeandika dawa mpya ishirini kwa siku, uondoe robo isiyochukuliwa: ni wagonjwa watano wa kupigiwa simu kila jioni, zaidi ya mia moja kwa mwezi, na hakuna bima inayolipa kwa simu hizo. La pili halisemwi kwa sauti kubwa sana, nalo ni mahakama. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa wake hakuchukua dawa ya kuyeyusha damu ana la kujitetea akishtakiwa. Aliyetumiwa ujumbe akaacha kuufungua hana.

Ungetegemea basi kwamba nchi hiyo imeshindwa kabisa kumwezesha daktari kuona dawa zilizotoka dukani. La hasha. Kwa kundi moja la dawa, daktari huona, na katika majimbo mengi sheria inamlazimisha aangalie kabla hajaandika. Ni dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, pamoja na nyingine zinazoweza kumtia mtu uraibu. California ilianza kuweka kumbukumbu za vyeti hivyo tangu 1939. Baada ya vifo vingi vya miaka ya 2000, majimbo mengi yakafuata, na Missouri, iliyokuwa imebaki peke yake, ikapitisha sheria yake mwaka 2021. Daktari akifungua hifadhidata hiyo anaona mgonjwa alichukua vidonge vingapi, tarehe gani, duka gani, kwa cheti cha nani.

Kwa hiyo jicho lipo, ila limeelekezwa kwa anayechukua dawa kupita kiasi. Asiyechukua hata moja halimwoni.

Bima za wazee za Marekani nazo zina kipimo chao. Serikali hugawa nyota kwa kampuni zinazoendesha bima ya dawa ya Medicare, na nyota ni fedha. Sehemu kubwa ya alama hutokana na maswali matatu: je, wagonjwa wa kisukari, wa presha na wa kolesteroli wana dawa mkononi angalau siku 80 katika kila 100? Ndiyo maana wazee wa huko hupigiwa simu za kukumbushwa, wakati mwingine hadi kero. Lakini ili mtu aingie kwenye hesabu hiyo ni lazima awe amechukua dawa husika angalau mara mbili. Aliyeandikiwa asiende dukani hata siku moja haharibu alama ya mtu yeyote. Kwenye karatasi, hayupo.

Kuna tundu jingine, dogo lakini la kuchekesha kidogo. Mwaka 2006 maduka ya Walmart yalianza kuuza dawa nyingi zisizo na jina la kampuni kwa dola 4 kwa dozi ya mwezi. Mgonjwa akilipa dola zake nne taslimu, duka halina haja ya kupeleka dai kwenye bima, na bima inamwandika kuwa mtoro wa dawa. Simu inapigwa kumsihi ameze vidonge alivyomeza asubuhi hiyo hiyo.

Nchi kadhaa za Ulaya zimelimaliza tatizo la kuona, na zimelimaliza bila kelele nyingi. Estonia ilizindua cheti cha dawa cha kidijitali mwaka 2010. Leo karibu vyeti vyote nchini humo viko kwenye kituo kimoja cha taifa, na daktari anaweza kuona kama dawa aliyoandika imenunuliwa. Uingereza inatumia mfumo unaoruhusu zahanati kufuatilia cheti kilikofikia. Denmark ina kadi moja ya dawa kwa kila raia, inayosomwa na daktari, hospitali na mfamasia. Uchunguzi uliochapishwa huko mwaka 2014 ulikuta dawa mpya ambazo hazikuchukuliwa ni kama 9 katika 100, chini ya theluthi ya kiwango cha Quebec.

Kuona ni jambo moja, kufanya kitu baada ya kuona ni jingine. Jaribio lililo safi kuliko mengi lilifanywa kusini mwa California na Kaiser Permanente, taasisi ambayo bima, hospitali na maduka ya dawa vyote viko chini ya mwavuli mmoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuarifiwa. Walichaguliwa wagonjwa zaidi ya 5,000 walioandikiwa dawa ya kolesteroli na kukaa wiki moja au mbili bila kuichukua. Nusu waliachwa kama kawaida. Nusu ya pili walipigiwa simu na mashine yenye sauti iliyorekodiwa. Aliyeendelea kukaa kimya alitumiwa barua wiki iliyofuata. Katika kundi lililoachwa, 26 kati ya 100 walichukua dawa baadaye. Katika kundi la simu na barua, 42. Simu ya mashine, tena! Hata hivyo zaidi ya nusu ya waliopigiwa hawakwenda, na hao ndio wa kuwafikiria.

Kwa nini mtu akae ofisini kwa daktari, aitikie kwa kichwa, apokee cheti, kisha asiende? Fedha ni jibu la kwanza, na ni la kweli: huko Quebec dawa za bei ya juu ndizo zilizoachwa zaidi. Lakini fedha haimalizi hadithi. Niteesh Choudhry na wenzake waliwapa dawa za bure baadhi ya watu waliotoka kuugua mshtuko wa moyo, katika kundi la wagonjwa 5,855 wa kampuni moja ya bima ya Marekani. Mtu aliyenusurika kifo juzi, anapewa dawa bila senti. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011: utumiaji wa dawa ulipanda kwa pointi 4 hadi 6 tu kati ya 100, na wengi bado hawakuwa wakizitumia sawasawa.

Yanayobaki ni yale ambayo mtu hamwambii daktari wake. Hajisikii mgonjwa, na presha haiumi. Jirani alitumia dawa hiyo hiyo akapata kizunguzungu. Kuanza kidonge cha kila siku ni kukiri kwamba mwili umeingia umri mwingine. Au hakuamini tu: kipimo kilichukuliwa mara moja, siku aliyopanda ngazi mbio, na dakika nane baadaye akaambiwa atameza dawa maisha yake yote. Katika hayo, uchunguzi wa Quebec ulitoa jambo moja la kutia moyo. Mgonjwa ambaye sehemu kubwa ya ziara zake zilikuwa kwa daktari yule yule aliyemwandikia alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuiacha dawa dukani.

Na je, asiyechukua anadhurika? Swali linaonekana la kitoto, lakini wanasayansi wamelihangaikia. Huko Ontario, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,591 waliotoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo. Wale ambao hawakuchukua dawa hata moja ndani ya siku 120 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya mwaka kuliko waliochukua zote. Imekwisha? Bado. Mwaka 1980 ulichapishwa uchanganuzi wa jaribio kubwa la Marekani la dawa ya kolesteroli iitwayo clofibrate. Waliomeza dawa hiyo kwa uaminifu walikufa kwa kiwango cha 15 katika 100 kwa miaka mitano, na waliokuwa wazembe kama 25. Ushindi wa dawa, mtu angesema. Kisha wakatazama kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani. Waliovimeza kwa uaminifu: 15. Wazembe: 28.

Vidonge vitupu havimwokoi mtu. Kinachoelekea zaidi ni kwamba mtu anayemeza kidonge chake kila siku ndiye pia anayelala mapema, anayeacha sigara, anayerudi kliniki siku aliyopangiwa, na ambaye hali yake inamruhusu kufanya hayo yote. Takwimu za Ontario hazibatiliki kwa hilo. Dawa za moyo zimethibitishwa kwa njia nyingine. Ila daktari anayegundua kwamba dawa haikuchukuliwa amegundua zaidi ya vidonge vilivyobaki dukani. Amepata dalili ya maisha yaliyokwama mahali fulani.

Kuna ugonjwa mmoja ambao udaktari haukuridhika kujua dawa ilitoka dukani. Ulitaka kuiona ikimezwa. Ni kifua kikuu, na sehemu muhimu ya historia hiyo iliandikwa Tanzania. Mwaka 1977 nchi ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Cheki aliyefanya kazi na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, akashirikiana na mpango huo kujenga mfumo wa rejesta za wilaya: kila mgonjwa ana namba, kila makohozi yana tarehe ya kupimwa, na mwisho wa matibabu kila jina linaandikwa limeishia wapi, kupona, kufa, kuhama au kutoroka. Katika miezi ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, mkakati uliofuata, uliokuja kuitwa DOTS, ulichota kwa kiasi kikubwa kutoka kazi ile ya Tanzania.

Sababu ya ukali huo haikuwa kumhurumia mgonjwa zaidi kuliko wa presha. Anayeacha dawa za kifua kikuu nusu njia anaweza kukuza vijidudu sugu na kuwaambukiza abiria wenzake ndani ya daladala. Anayeacha dawa ya presha anapata kiharusi peke yake. Ukipanga pamoja kifua kikuu na dawa za afyuni, utaona udaktari wa pande zote mbili za bahari umekuwa ukifuatilia dawa pale jamii inapoogopa.

Virusi vya Ukimwi viko katikati ya kifua kikuu na presha, na hapo ndipo Kenya ilipotoa fundisho ambalo mifumo mikubwa ya Marekani haikuwa nalo. Kati ya 2007 na 2008 Richard Lester na wenzake walifanya jaribio la WelTel katika kliniki tatu, zikiwemo za Nairobi na Kajiado. Wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki, na ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: “Mambo?” Haukutaja dawa wala kliniki, mwenye kuchungulia simu ya mwenzake asingeambulia kitu. Mgonjwa alitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Baada ya mwaka, waliotumia dawa ipasavyo walikuwa 62 kati ya 100 katika fungu lililotumiwa ujumbe, na 50 katika fungu lililoachwa. Virusi vilikuwa vimefubazwa kwa 57 dhidi ya 48. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, na hapakuwa na hifadhidata ya taifa wala duka la dawa lenye kompyuta. Palikuwa na muuguzi mwenye simu ya kawaida na muda uliotengwa wa kupiga.

Jaribio jingine la Kenya, lililochapishwa mwaka uliofuata, lilijaribu kuongeza kipimo. Wagonjwa 431 wa kliniki ya mashambani walipewa simu. Wengine wakatumiwa ukumbusho kila siku, wengine kila wiki. Wa kila wiki walinufaika: 53 kati ya 100 walifikia kiwango kizuri, dhidi ya 40 wasiotumiwa. Wa kila siku hawakutofautiana na wasiotumiwa kitu. Binadamu anayekumbushwa kila kukicha huizoea sauti hiyo kama anavyozoea kengele ya jirani.

Kampuni ya Proteus ya California ilikwenda hadi mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge cha maradhi ya akili chenye kihisio chake, kidogo kama chembe ya mchanga, ambacho kikifika tumboni hutuma ishara kwa kiraka kilichobandikwa ubavuni, na kiraka huiarifu simu. Daktari akiruhusiwa na mgonjwa anaweza kujua kidonge kilimezwa saa ngapi. Wakosoaji waliuliza ni nani aliyewaza kuwapa kidonge chenye mtumaji habari wagonjwa ambao baadhi yao husumbuliwa na hofu ya kufuatiliwa. Mwaka 2020 Proteus ilifilisika.

Katika maduka ya dawa ya Tanzania na Kenya, mambo mengi bado yanaishia kaunta. Mteja anatoa karatasi, anauliza bei ya jumla, anahesabu alichonacho, anasema nipe za siku tatu kwanza. Muuzaji anakata kipande cha pakiti kwa mkasi, anaandika moja mara mbili juu ya bahasha ndogo, na anamrudishia karatasi yake. Mteja akirudi kliniki mwezi ujao, karatasi hiyo mara nyingi imo kwenye pochi, na alama za kalamu za muuzaji zinaonyesha kilichotolewa na kilichobaki. Daktari akiomba kuiona, ana taarifa ambayo mwenzake wa Massachusetts mwaka 2010 hakuwa nayo. Wachache huomba.

Joyce Cramer wa Marekani alionyesha tangu 1990 kwa nini kuuliza siku ya kliniki peke yake hakutoshi. Alitumia vichupa vyenye vifuniko vya kielektroniki vinavyorekodi kila vinapofunguliwa. Siku tano kabla ya kumwona daktari, wagonjwa walitumia dozi 88 kati ya 100. Siku tano baada yake, 86. Mwezi mmoja baadaye walikuwa wameshuka hadi 67, na siku hizo hakuna aliyekuwa anawaangalia isipokuwa kifuniko.